Matofali ya jengo la duka yametoa unga mweupe na kubanduka baada ya winta: tatizo ni chumvi ya barabarani, gata, au fundi aliyepita?

#1 MchuuziWaKona
Habari wakuu. Nina duka la vyakula vya nyumbani hapa Minneapolis, jengo la kona la matofali, chini duka, juu ofisi. Ni la zamani, mwenye jengo anasema la miaka ya 1920. Mimi ni mpangaji tu.

Theluji imeyeyuka, sasa ndiyo naona ukuta ulivyo. Upande wa barabara, kuanzia chini mpaka usawa wa goti, matofali yamepauka na yana unga mweupe, ukigusa unabaki mkononi. Nyuma, kwenye kona ambako bomba la gata linashuka, matofali kadhaa yamebanduka uso kabisa, vipande vimelala chini. Halafu juu ya dirisha kubwa la mbele kuna ufa unapanda kwa ngazi ngazi ukifuata viungo vya matofali.

Mwenye jengo ameleta mkandarasi. Kaangalia dakika tano, kasema hiyo ni baridi tu, atapiga mashine ya presha ukuta mzima kisha atapaka dawa ya kuzuia maji "isijirudie tena". Na mimi natakiwa kuchangia. Wenye uzoefu, chanzo ni nini? Na hiyo dawa nikubali?

#2 Naweka Kambi
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa mbele kabisa.

#3 SepetuMkononi
Mkuu, hiyo ya mbele wala haihitaji daktari. Winta nzima unamwaga chumvi mlangoni wateja wasiteleze, magari ya jiji nayo yanamwaga barabarani. Theluji inayeyuka, inakuwa maji ya chumvi, gari likipita linarusha ukutani. Tofali linanywa. Maji yakikauka, chumvi inabaki. Ndiyo maana imeishia gotini. Ingekuwa baridi tu, mbona juu hakuna?

#4 Kandambili1
Kaka, maji yakiganda yanavimba karibu nusu ya ujazo wake. Yakiwa ndani ya tofali yanalipasua. Sayansi ya darasa la sita hiyo, mkandarasi yuko sahihi.

#5 Mama Vipimo
Nusu? Ni kama asilimia 9, Kandambili. Ingekuwa nusu, hakuna jengo lingebaki limesimama kuanzia Chicago hadi Moscow.

#6 Kandambili1
Haya, 9. Tofali limepasuka au halijapasuka?

#7 Mama Vipimo
Limepasuka, ila baridi peke yake haipasui tofali kavu. Tofali linapasuka likiwa limeshiba maji halafu likaganda, likayeyuka, likaganda tena. Kinachoua ni kuvuka sifuri mara nyingi, siyo kushuka sana. Kwa hiyo ukisema "ni baridi tu" hujajibu kitu. Maji yametoka wapi? Nyuma kuna gata. Mchuuzi, hilo bomba linamwaga wapi, na hizo jointi zake zimeshika?

#8 MchuuziWaKona
Nimetoka kuangalia. Bomba limeachana katikati, kama urefu wa kichwa changu kutoka chini. Ndani yake Februari kulikuwa na barafu tupu. Maji yalikuwa yanatambaa ukutani, tukadhani ni kawaida ya hali ya hewa.

#9 Mama Vipimo
Basi nyuma tumemaliza. Barafu imeziba bomba, bomba limefunguka kwenye jointi, ukuta umeoga miezi yote ya baridi. Tengeneza gata kwanza. Ukipaka dawa kabla ya gata umetupa hela.

#10 FundiTerrazo
Hujamaliza, mama. Gata linaeleza kwa nini ukuta umelowa. Halielezi kwa nini tofali ndilo limebanduka na viungo vimebaki vizima. Nimefanya kazi ya kuta huku Ohio kwa muda sasa. Jengo la miaka ya 1920 na kurudi nyuma mara nyingi lilijengwa kwa chokaa, au kwa simenti kidogo sana, na tofali zake ni laini. Zamani maji yalikuwa yanatokea kwenye viungo, kwa sababu kiungo kilikuwa laini kuliko tofali. Kikichakaa unakikwangua unajaza kingine. Kiungo ndicho kilichopangiwa kufa.

Sasa anakuja fundi wa kisasa, anajaza simenti ngumu ya kijivu. Maji hayapiti tena kwenye kiungo, yanatafuta njia kwenye tofali. Yakiganda, uso wa tofali unaruka na simenti inabaki imesimama peke yake. Mchuuzi, chukua msumari ukwangue kiungo. Ukibomoka na kutoa unga, ni chokaa. Ukikwaruza na msumari ndio unaochubuka, kuna mtu alipita hapo.

#11 SepetuMkononi
Sasa mbona hao wenye simenti ngumu wako kila mtaa na kuta zao hazijabanduka?

#12 FundiTerrazo
Kwa sababu matofali ya kisasa yamechomwa vizuri, yanavumilia. Tatizo ni simenti ngumu juu ya tofali laini. Huku viroba vya udongo wa kujengea (ule wa simenti, chokaa na mchanga) vina herufi: M ndio mgumu kuliko yote, kisha S, kisha N, kisha O. M unatakiwa ubebe paundi 2,500 kwa inchi ya mraba, O ni 350 tu. Mtu akiingia dukani anaona M, anasema "nipe hiyo yenye nguvu". Kwa tofali la mwaka 1920 umechukua sumu.

#13 MwanaShangani
Assalaam alaykum. Mie sijapata kuiona theluji ila kwenye simu, lakini hili la FundiTerrazo nimelicheka maana ni letu khasa. Mji Mkongwe hapa Unguja nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma kwenye tanuu. Akija mtu na viroba vya simenti akapiga lipu juu ya ukuta wa chokaa, mwaka wa kwanza anasifiwa. Mwaka wa tatu lipu inavimba, unabisha kwa kidole unasikia iko tupu nyuma, kisha inashuka pande zima. Unyevu unapanda kutoka chini na chumvi yake, ulikuwa unatoka kwenye chokaa taratibu, sasa umefungiwa. Sisi tunaharibikiwa bila ya barafu hata kidogo.

#14 Kandambili1
Shekhe, ndiyo maana Beit al-Ajaib ilianguka?

#15 MwanaShangani
La, hilo usinipachike. Jumba lile ni la 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika ukarabati, na lilikuwa na maradhi mengi ya miaka mingi. Mie nazungumzia ukuta wa nyumba ya kawaida, wa jirani yangu.

#16 Sinza Kumekucha
Hapa Dar ukuta wangu wa fremu za biashara unatoa unga huo huo na sijui hata barafu ya mtaani ikoje, labda ya sambusa baridi za friji. Fundi aliniambia nimeuziwa mchanga wa baharini. Kwa hiyo unga mweupe sio dalili ya winta, ni dalili kwamba kuna chumvi na kuna maji. Mchuuzi, onja. Ukiwa chumvi ya kula, SepetuMkononi kashinda.

#17 Mama Vipimo
Asionje! Ukuta wa barabarani wenye moshi wa magari na mikojo ya mbwa, unamwambia mtu aonje? Kuna njia ya kistaarabu. Kwangua unga kidogo uweke kwenye kisahani, mbali na ukuta wenyewe, udondoshee siki. Ukitoa povu, ni chokaa iliyotoka kwenye viungo ikakauka nje. Usipotoa povu, ni chumvi ya aina nyingine. Ukitaka kujua kama ni ya barabarani, kuna vijikaratasi vya kupimia kloraidi, hata wenye mabwawa ya kuogelea wanavitumia.

#18 DadaWaLewiston
Mimi ni wa Maine, tulitokea Uvira tukapita kambini mpaka huku. Mji huu umejaa viwanda vya zamani vya nguo, matofali matupu, vingine sasa ni ofisi na migahawa. Nilifanya usafi kwenye jengo moja la hivyo. Msimamizi aliita watu wa mashine ya presha wakaosha ukuta, ulipendeza sana. Winta iliyofuata ndani rangi ilianza kumenyeka kwenye kuta ambazo hazikuwahi kuwa na shida. Presha ilisukuma maji ndani na kung'oa viungo vilivyokuwa tayari vimechoka. Kwa hiyo kabla ya dawa, hata ile mashine yenyewe ikatae, au washushe nguvu iwe kama ya bomba la bustani, na brashi ya nailoni, siyo ya waya.

#19 FundiTerrazo
Dada kasema kweli. Nyongeza: tofali la zamani lina ngozi ya nje iliyokakamaa kwa moto wa tanuru. Ukiitoa, ndani ni laini. Zamani huku walikuwa wanapiga kuta kwa mchanga wa presha kutoa masizi, na mpaka leo kuna majengo yanabomoka kwa ajili ya usafi ule. Idara ya hifadhi ya Marekani, National Park Service, ina vijitabu vya bure mtandaoni: cha 1 kinahusu kuosha kuta, cha 2 kujaza viungo upya, cha 6 hatari za kukwangua kwa mchanga. Mpelekee mkandarasi wako cha 2, umwangalie usoni akisoma.

#20 BaridiYaCalgary
Nyie wa Minnesota mna bahati, baridi yenu inashika inakaa. Huku Calgary kuna upepo unaitwa chinook, unashuka kutoka milimani. Asubuhi uko nyuzi 20 chini ya sifuri, mchana umevua koti, usiku umerudi palepale. Kama hoja ni kuvuka sifuri mara nyingi, sisi ndio tungetakiwa kukaa kwenye mahema.

#21 Mama Vipimo
Na kwa nini hamko kwenye mahema? Kwa sababu hewa yenu ni kavu, kuta hazishibi maji. Unanisaidia hoja yangu, asante.

#22 BaridiYaCalgary
Sijakuja kukusaidia, nimekuja kulalamika.

#23 Mzee wa Bronx
Vijana, mnaongelea unga, mimi naona ule ufa wa juu ya dirisha. Huo ndio utaua mtu. Juu ya dirisha la duka la zamani kuna linta ya chuma, yaani boriti inayobeba matofali ya juu. Maji yakiingia, chuma kinaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, mara kadhaa zaidi. Inanyanyua matofali. Ufa wa ngazi unaoanzia pembe ya dirisha, mimi kwanza naiuliza linta.

Hapa New York mwaka 1979 mwanafunzi wa Barnard College, Grace Gold, alipigwa na kipande kilichodondoka kwenye jengo akafa. Mwaka uliofuata jiji likapitisha sheria ya kukagua sura za majengo, ikakazwa mwaka 1998. Mpaka leo jengo la zaidi ya ghorofa sita lazima likaguliwe kila baada ya miaka kadhaa. Lako ni fupi, sheria ile haikuhusu na uko jimbo lingine, ila tofali la ghorofa ya pili linaua vilevile.

#24 Naweka Kambi
Mzee, ndiyo yale mabanda ya vyuma na mbao juu ya njia za waenda kwa miguu?

#25 Mzee wa Bronx
Ndiyo hayo. Yanakingia watu vichwa mpaka ukuta urekebishwe. Shida ni kwamba banda ni rahisi kulipia kuliko ukuta, kwa hiyo linakaa miaka. Mimi nilikuwa na duka la simu chini ya banda, bango halionekani, giza mchana. Nilikuwa naota mwanga.

#26 Kandambili1
Ndiyo maana ukahamia kuandika majukwaani.

#27 HelsinkiNyumbani
Nimecheka hapo kwa mkandarasi wa "isijirudie tena". Huku Helsinki tuna Finlandia-talo, ukumbi aliouchora Alvar Aalto, ulifunguliwa 1971. Ulivalishwa marumaru nyeupe ya Carrara kutoka Italia. Vigae vikaanza kujikunja kwa joto na baridi. Mwishoni mwa miaka ya 90 wakabandua vyote, wakaweka vipya, vya Carrara hiyo hiyo kwa sababu watu waliupenda weupe wake. Vikajikunja tena. Matajiri nao wanarudia kosa, usijione mnyonge.

#28 SepetuMkononi
Hata Chicago kuna ghorofa la marumaru lilianguka kwa baridi.

#29 Mama Vipimo
Halikuanguka. Ni Aon Center, zamani likiitwa Standard Oil Building, ghorofa 83. Wakati wa ujenzi kipande kimoja kilidondoka kikatoboa paa la jengo jirani, na baadaye vigae vikaanza kupinda. Kati ya 1990 na 1992 wakavua marumaru yote wakavisha matale (graniti) ya North Carolina. Jengo lipo na lina wapangaji mpaka leo.

#30 SepetuMkononi
Mama wewe unakula kamusi asubuhi?

#31 MchuuziWaKona
Asanteni. Nimerudi na majibu. Siki: unga wa mbele, kimya kabisa. Unga wa nyuma chini ya gata, povu. Msumari: viungo vya mbele ni vya kijivu na vigumu, vya nyuma vinabomoka. Jirani anasema mpangaji aliyepita aliwahi kufanyiwa ukarabati upande wa mbele tu.

#32 FundiTerrazo
Nilisema!

#33 SepetuMkononi
Umesema nini? Mbele hakuna povu, maana yake ni chumvi ya barabarani. Mimi ndiye niliyesema.

#34 FundiTerrazo
Simenti mpya nayo inatoa chumvi zake zisizo na povu, salfeti. Siki haiwezi kuzitofautisha na yako ya barabarani. Na nyuma kwenye chokaa laini ndiko kulikobanduka, nakubali hiyo inanipa shida kidogo, ila pale gata lilikuwa linamwagika, ukuta wowote ungesalimu amri.

#35 Mama Vipimo
"Inanipa shida kidogo." Nadharia yako yote ilikuwa kwamba kiungo laini kinaliokoa tofali. Kiungo laini kiko nyuma, tofali lililokufa liko nyuma.

#36 FundiTerrazo
Kiungo laini kinaliokoa tofali na mvua. Hakiliokoi na bomba la maji linalomwagika miezi minne.

#37 Jiko la Shangazi
Samahani kwa kuchelewa uzi. Mchuuzi, kuna jiko nyuma ya duka?

#38 MchuuziWaKona
Lipo shangazi, tunapika wali, maharage na mandazi ya asubuhi. Liko kona ile ile ya nyuma. Na vuli iliyopita mwenye jengo alipulizia povu la kuzuia baridi kwa ndani, kwenye kuta zote za nyuma, ili bili ya gesi ishuke.

#39 Jiko la Shangazi
Hapo sasa. Mimi nina mgahawa huku Buffalo na nilipulizia povu kama hilo. Zamani joto la ndani lilikuwa linapita ukutani, tofali linabaki na uvuguvugu na linakauka. Ukiziba ndani, tofali la nje linabaki peke yake na baridi, likilowa halikauki. Na kama povu lina upenyo, mvuke wa sufuria unapita hapo, unafika kwenye tofali la baridi unageuka maji. Kuta zangu zilikaa miaka na miaka bila neno, winta ya kwanza baada ya povu vipande vikaanza kudondoka. Angalia tarehe: povu vuli, kubanduka sasa.

#40 Mama Vipimo
Hiyo ni nzuri. Lakini gata pia limeachana winta hii hii.

#41 Jiko la Shangazi
Gata lingeachana miaka mingine lisingefanya hivyo, ukuta ungekauka.

#42 Naweka Kambi
Mpaka sasa washukiwa: chumvi, gata, simenti, linta, povu, na sufuria ya maharage. Naongeza maji ya kunywa.

#43 Sinza Kumekucha
Ongeza na mpangaji aliyepita. Huku kwetu lawama zote ni zake.

#44 BaridiYaCalgary
Swali la pembeni. Hiyo chumvi mnayomwaga, mnajua kuwa ya kawaida ikifika karibu nyuzi 9 chini ya sifuri inakuwa haina kazi? Watu wanaona barafu haiyeyuki, wanaongeza gunia. Kwa Januari ya Minneapolis ni kulisha ukuta tu. Kloridi ya kalsiamu inafanya kazi kwenye baridi kali zaidi, ila nayo inakula nondo na zege. Mimi mlangoni natumia mchanga baridi ikizidi, mteja hatelezi na ukuta haunywi kitu.

#45 SepetuMkononi
Mchanga unaingia dukani, unafagia mpaka Juni. Na mlango wa chuma unaooza chini je?

#46 BaridiYaCalgary
Mlango wa chuma unaooza chini ni kwa sababu ya chumvi, siyo mchanga. Tazama milango ya nyuma ya maduka yote, inaanzia kutu chini inapanda. Na huko Minnesota idara ya mazingira inawaambia wananchi kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinaharibu galoni tano za maji, kama lita 19, moja kwa moja. Maziwa yenu yale mnayojisifia.

#47 MchuuziWaKona
Turudi kwenye dawa wakuu. Mkandarasi anakuja wiki ijayo.

#48 FundiTerrazo
Usikubali sasa. Ukuta una maji na chumvi ndani. Ukiufunga kwa nje, chumvi itakaukia nyuma ya uso badala ya juu yake, na ikikaukia ndani inakua na kusukuma ngozi ya tofali. Unga wa nje unauswaki ukatoka. Wa ndani unaondoka na tofali.

#49 Chui wa Fremu
Napinga. Nasimamia majengo ya biashara Denver. Zipo dawa zinazopitisha mvuke, za silani na siloksani, haziwi kama plastiki. Zikipakwa kwenye ukuta mkavu, uliorekebishwa, zinasaidia sana kwenye lile eneo la goti linalopigwa na maji ya magari. Kosa ni kupaka Aprili ukuta ukiwa bado unatoa jasho, au kupaka rangi ya kuziba. Subirini Agosti. Msitishe watu kwamba kila dawa ni mbaya.

#50 FundiTerrazo
Kwa tofali la 1920 mimi sipaki, hata mwezi wa nane.

#51 Chui wa Fremu
Na mimi napaka, na majengo yangu yapo. Denver kavu, mtasema. Haya semeni.

#52 Mama Vipimo
Denver kavu.

#53 Mzee wa Bronx
Mpaka sasa hakuna aliyepanda ngazi kuangalia linta. Wala parapeti, ule ukuta mfupi unaozidi paa. Jengo la kona la enzi hizo lina paa bapa na parapeti imesimama pande zote mbili ikipigwa na theluji, huku nyuma na huku mbele. Vifuniko vyake vya juu vikiachia jointi, maji yanashuka ndani ya ukuta hadi kwenye chuma cha dirisha. Mchuuzi, usipande wewe, kodi mtu mwenye mashine ya kunyanyulia watu. Na lile eneo chini ya ufa, weka vizuizi leo, wateja wasisimame hapo.

#54 MchuuziWaKona
Nimeweka koni na kamba mzee. Wateja wanauliza kama nafunga biashara.

#55 Chui wa Fremu
Ishu ya kuchangia: soma mkataba wako kabla ya kutoa hata senti. Kama ni ule wanaouita NNN, mpangaji anabeba kodi ya jengo, bima na matengenezo. Lakini mikataba mingi hata ya hivyo inaacha paa, msingi na kuta za kubeba mzigo kwa mwenye jengo. Linta na parapeti ni muundo. Kupiga rangi na kuosha ni matengenezo. Ndiyo maana jamaa anataka iitwe kuosha.

#56 Jiko la Shangazi
Hapo Chui umenena. Na povu alilipulizia yeye, siyo wewe. Tunza picha zenye tarehe.

#57 DadaWaLewiston
Na akikubali kujaza viungo, msimruhusu aanze sasa hivi. Usiku bado kuna baridi. Udongo wa viungo ukigandishwa kabla haujakaza umekufa, huku wanataka joto lisishuke chini ya nyuzi 4 hivi, mchana na usiku. Silikoni za madirisha nazo hazishiki kwenye uso wa baridi na unyevu.

#58 MwanaShangani
Chokaa nayo haitaki haraka. Inataka kunyweshwa maji na kufunikwa isipigwe na jua, na fundi asiwe na mahali pa kwenda. Mnayo chokaa huko?

#59 FundiTerrazo
Ipo shekhe, ya viroba, tena bei yake inaumiza. Nitakuja Unguja nikaone tanuu.

#60 MwanaShangani
Karibu. Njoo kiangazi, usije masika ukakuta na sie kuta zinalia.

#61 MchuuziWaKona
Wakuu, nimeongea na mwenye jengo. Amekubali gata litengenezwe wiki hii na mtu wa mashine ya kunyanyulia aje aangalie parapeti na linta. Presha na dawa vimesimama. Lakini anasema povu haligusi, bili ya gesi imeshuka. Na mkandarasi anasisitiza viungo vya kijivu vya mbele havina kosa, unga utaswakiwa uishe.

#62 Mama Vipimo
Gata likitengenezwa, subiri winta ijayo. Nyuma kukitulia, lilikuwa gata.

#63 Jiko la Shangazi
Kukitulia kwa sababu winta imekuwa nyepesi je? Aweke angalau feni ya kutoa mvuke jikoni. Na povu lile mtu alipime unyevu kwa nyuma, watoboe tundu moja tu.

#64 FundiTerrazo
Na mbele akiswaki, aandike tarehe. Ukirudi kiangazi kukiwa hakuna chumvi ya barabarani hata chembe, SepetuMkononi aje anieleze umetoka wapi.

#65 SepetuMkononi
Umetoka kwenye tofali lililokunywa miaka mia. Unadhani linatema lote kwa mara moja?

#66 Kandambili1
Mchuuzi, mihogo mibichi ipo hapo dukani au ni ya kugandishwa tu? Niko St. Paul, nakuja Jumamosi.

#67 MchuuziWaKona
Ya kugandishwa, na majani yake yapo. Pitia mlango wa nyuma, mbele nimefunga kamba.

#68 Mzee wa Bronx
Nyuma ndiko matofali yanakodondoka, Mchuuzi! Funga na huko, mtu wa gata hajafika.